Samba Yazungumza, Kiswahili Kimenyamaza

Si ajabu, katika maduka ya uchapaji ya Thika na Ruiru, kuona tasnifu ikihamishwa kwa diski mweko, ikiokota virusi njiani, ilhali tarakilishi zote mbili zimeunganishwa kwa swichi moja. Kisingizio ni kwamba moja hutumia Windows na nyingine Linux. Hakina mashiko. Kwa programu iliyokuja kuitwa Samba, ambayo ni ya bure na ambayo Andrew Tridgell wa Australia alianza kuiunda mwishoni mwa mwaka 1991, mifumo hiyo huweza kuelewana kwa itifaki ya SMB. (Wanafonolojia watambue: jina hilo ni SMB iliyotiwa irabu!)

Wengi hukwama kwenye nywila. Ile ya Linux haitoshi; sharti mtumiaji asajiliwe ndani ya Samba yenyewe. Toleo la kwanza la SMB nalo lizimwe, kwani WannaCry ilienea kupitia humo mwaka 2017.

Maelezo haya aghalabu hupatikana kwa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004; idara za Kiswahili za ukanda huu hazishindwi kuandaa ukurasa mmoja, ubandikwe madukani kabla ya msimu wa tasnifu.