Nguo ya Wajir na kura za Florida

Agosti 2006 seneta mmoja wa Illinois alifika Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, na wazee wa Kisomali wakampokea kama wanavyompokea mgeni wa heshima. Walimvisha kilemba cheupe na shuka nyeupe, wapiga picha wakapiga, mgeni akashukuru. Februari 2008, mgeni huyo akiwa anawania urais wa Marekani, picha ileile ilichapishwa katika tovuti ya Drudge Report na kuenea nchi nzima kwa siku moja. Heshima ya Wajir ikageuzwa kielelezo cha mashtaka.

Picha hiyo iliangukia mahali palipokwisha kuandaliwa. Kwa zaidi ya mwaka barua pepe zisizo na jina la mwandishi zilikuwa zikizunguka zikidai kwamba Barack Obama ni Mwislamu anayejificha, kwamba alisomeshwa madrasa yenye siasa kali huko Indonesia, kwamba aliapa kiapo cha useneta kwa kushika Kurani. Obama ni Mkristo na yote hayo yalikuwa uongo. Aliyeshika Kurani, Januari 2007, ni Keith Ellison wa Minnesota, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, na Kurani aliyoitumia iliwahi kuwa mali ya Rais Thomas Jefferson. Wazushi waliiba kiapo cha mtu mmoja wakamvika mwingine.

Nyingi za barua hizo zililenga wapiga kura wa Kiyahudi, na hasa wazee wa Florida. Wilaya za Palm Beach na Broward zina majengo marefu na mitaa mizima ya wastaafu, wengi wao Wayahudi waliohama New York na miji mingine ya kaskazini kutafuta jua la uzeeni. Wazee hao hupiga kura bila kukosa. Mwaka 2000 George W. Bush alitangazwa mshindi wa Florida, na kwa hiyo wa nchi, kwa tofauti ya kura 537. Mwaka huohuo, katika Palm Beach, karatasi ya kura iliyopangwa vibaya ilimpa mgombea mwingine, Pat Buchanan, kura 3,407, na Buchanan mwenyewe akakiri kwamba nyingi kati yake hazikukusudiwa kwake. Mzee aliyetaka kumpigia mpinzani wa Bush, Al Gore, ambaye mgombea mwenza wake Joe Lieberman alikuwa Myahudi wa kwanza kusimamishwa na chama kikubwa katika nafasi hiyo, alitoboa tundu lisilo lake akarudi nyumbani. Kwa hiyo mwaka 2008 kila kampeni ilijua thamani ya kila mlango katika majengo yale.

Tuanze na wanaostahili sifa. Januari 2008 viongozi wa jumuiya kubwa za Kiyahudi, wenye misimamo tofauti ya kisiasa, walitia saini barua ya wazi wakalaani uzushi huo na kuwataka watu wao wasiusambaze. Hawakumwambia mtu ampigie kura nani. Baadaye, Septemba, mchekeshaji Sarah Silverman alitoa video akiwataka vijana wa Kiyahudi wasafiri hadi Florida wakazungumze na babu na bibi zao kuhusu Obama. Safari hiyo iliitwa kwa neno la Kiyidi, schlep, ambalo maana yake ni kujikokota njia ndefu yenye kuchosha, na wajukuu wakaitwa waende wikiendi ya katikati ya Oktoba.

Gazeti hili linaona katika wazo la safari ile jambo jema. Mjukuu akiketi mezani kwa bibi yake, akamsikiliza hofu yake yote bila kumkatiza, kisha akamwonyesha lipi kweli na lipi uongo, hiyo ni siasa yenye adabu. Ila video yenyewe iliwashauri vijana wawatishie wazee kwamba wasipompigia kura Obama, hawatatembelewa tena mwaka huo. Ilikuwa mzaha, tunaambiwa. Mzee anayesubiri simu ilie Jumapili hana nafasi ya mzaha wa namna hiyo. Kura inayotolewa ili mjukuu aendelee kuja imenunuliwa, na bei yake ni upweke wa mzee.

Kosa kubwa zaidi liko kwingine, na ndilo tunalolihukumu leo. Waliotumwa kuizima ile barua pepe walikwenda na jibu moja: Obama si Mwislamu. Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Bibi aliyeulizwa kama angempigia kura Mwislamu hakuulizwa kwa nini swali hilo linamtisha. Alihakikishiwa tu kwamba tishio halipo, na hofu yenyewe ikaachwa mahali ilipokuwa.

Kampeni ya Obama iliogopa vilevile. Juni 2008, kwenye mkutano wa hadhara Detroit, wafanyakazi wa kujitolea waliwazuia wanawake wawili waliovaa hijabu wasikae nyuma ya jukwaa, mahali ambapo kamera zingewaona. Kampeni iliomba radhi na mgombea mwenyewe akawapigia simu. Keith Ellison alipojitolea kwenda kumpigia debe msikitini Cedar Rapids, Iowa, aliombwa aifute safari. Ukiyaweka matukio hayo pembeni ya kazi iliyokuwa ikifanyika Florida, utaona kamba moja inayoyafunga: kura ya jamii moja ndogo ilitafutwa kwa kuificha jamii nyingine ndogo. Msomaji wa Lamu au Unguja, aliyejifunza alifu na bee chuoni akiwa na miaka mitano, hahitaji kuelezwa uzito wa neno madrasa kutajwa kama jina la kosa.

Na Wayahudi, kuliko wengi, wanaujua uzushi wa aina hii unavyofanya kazi. Wao wenyewe wamesingiziwa kwa karne nyingi kwamba wana sura mbili, kwamba kiapo chao hakiaminiki, kwamba moyo wao uko kwa wenzao wa ng'ambo. Mwaka 1894 Kapteni Alfred Dreyfus wa jeshi la Ufaransa alihukumiwa kwa uhaini asioufanya, akapelekwa kisiwa cha wafungwa, na hakusafishwa jina mpaka mwaka 1906. Walioandika zile barua pepe walichukua kigezo kilekile kilichomwangamiza Dreyfus wakampima nacho mtoto wa Mjaluo wa Siaya. Sisi Waswahili tuna usemi kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Usemi huo umewafaa wazushi mno, na hapa tunaukataa.

Jibu kamili lilitoka kwa mtu wa chama pinzani. Tarehe 19 Oktoba 2008 Colin Powell, jenerali mstaafu na aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Bush, alitangaza kwenye televisheni kwamba anamuunga mkono Obama. Alisema Obama ni Mkristo na amekuwa Mkristo siku zote. Kisha akauliza: angekuwa Mwislamu, je? Akasimulia picha aliyoiona jaridani, ya mama aliyeegemeza kichwa kwenye jiwe la kaburi la mwanawe katika makaburi ya Arlington. Mwanawe alikuwa askari wa Marekani aliyeuawa Iraq akiwa na miaka 20, na jiwe lake lilichongwa mwezi na nyota. Maneno hayo yalichukua dakika chache. Ndiyo yaliyopaswa kusemwa tangu barua pepe ya kwanza, na yasemwe na mgombea mwenyewe.

Obama alishinda Florida, na kura za maoni za siku ya uchaguzi zilionyesha kwamba Wayahudi takriban 78 kwa kila 100 nchini walimpigia. Ushindi huo haufuti kosa. Hofu isiyojibiwa haifi. Husubiri mgombea mwingine.

Tangu hapo limezuka tatizo la pili, na ni zito zaidi kwa sababu linatoka juu. Agosti 2019 Rais Donald Trump, akiwa ofisini kwake, alisema Myahudi anayewapigia kura Wademokrati ama hana ufahamu ama amekosa uaminifu. Machi 2024, akiwania tena, alisema Myahudi wa namna hiyo anaichukia dini yake. Septemba mwaka huohuo, mbele ya hadhira ya Wayahudi mjini Washington, alisema akishindwa, Wayahudi watakuwa wamechangia sana kushindwa kwake.

Tunasema bila kuzunguka: hayo ni maneno mabaya. Kumwambia raia kwamba kura yake ni kipimo cha dini yake ni kumvua uraia na kumfanya mpangaji anayedaiwa kodi. Na kuitaja jamii ya watu milioni 7.5, asilimia 2.4 ya wakazi wa nchi kwa hesabu ya kituo cha utafiti cha Pew ya mwaka 2020, kuwa chanzo cha kushindwa kabla hata kura hazijapigwa, ni kuwawekea lawama mlangoni ili siku ikifika ajulikane wa kutupiwa mawe. Wayahudi 11 waliuawa ndani ya sinagogi mjini Pittsburgh Oktoba 2018 na mtu aliyewaona kuwa adui wa nchi. Kiongozi anayejua hilo hana haki ya kuchezea lawama.

Ugonjwa huu hauna chama. Mei 2020 Joe Biden alimwambia mtangazaji mmoja Mweusi kwamba mtu anayesitasita kati yake na Trump basi si Mweusi. Siku hiyohiyo alikiri kwamba alikosea, na kukiri huko tunakuheshimu, lakini neno lilikuwa limeshatoka: alidhani kura ile ni yake, na anayeishikilia anamdhulumu.

Wanaohesabu jamii kwa mafungu wangejisaidia kwa kuitazama jamii ya Wayahudi kwa karibu. Pew iliwakuta Wayahudi saba katika kila kumi wakiegemea Wademokrati, na wakati huohuo robo tatu ya Waorthodoksi wakiegemea Warepublican. Mwaka 1980 Jimmy Carter, Mdemokrati, hakupata hata nusu ya kura zao. Chini ya nusu yao waliiambia Pew kwamba kuijali Israeli ni sehemu ya lazima ya Uyahudi wao; wengine wengi walisema ni muhimu lakini si lazima. Ni watu wanaopima, wanaogombana wao kwa wao, wanaobadilika. Anayewataka awaendee na hoja: vita na amani, bei ya dawa za wazee, ulinzi wa masinagogi, shule, uhuru wa mahakama.

Wala kuwalaumu Wayahudi kama kundi, kisha kuzitaka kura zao, si jambo geni. Desemba 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Jenerali Ulysses Grant aliwalaumu Wayahudi kwa biashara ya magendo ya pamba akatoa Amri Namba 11 ya kuwafukuza wote, kama kundi, katika eneo lake la kijeshi, ndani ya saa 24. Mjini Paducah, Kentucky, familia zilifungasha virago. Mmoja wa waliofukuzwa, Cesar Kaskel, alisafiri hadi Washington akamfikia Rais Lincoln, na amri ikafutwa Januari. Mwaka 1868 Grant akasimama kugombea urais, na kwa mara ya kwanza taifa likauliza kwa sauti Wayahudi watapiga kura vipi. Baadhi yao walimkataa hadharani. Wengine, kama wakili Simon Wolf, walimtetea. Walibishana magazetini kama raia wengine wote, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuwaita wasaliti.

Grant hakuwadai kitu. Septemba mwaka ule aliandika barua akikiri kwamba amri ile aliitoa bila kutafakari, na kwamba anataka kila mtu ahukumiwe kwa matendo yake mwenyewe. Barua ilichapishwa uchaguzi ulipokwisha, kwa hiyo haikumvunia kura. Alipoingia madarakani alimteua Edward Salomon kuwa gavana wa eneo la Washington, lililokuwa bado halijawa jimbo, na akamtuma Benjamin Peixotto kuwa konseli Bucharest, ambako Wayahudi wa Rumania walikuwa wakiteswa. Na Juni 1876, sinagogi la Adas Israel lilipofunguliwa katika mji mkuu, rais aliyewahi kuwafukuza Wayahudi aliingia, akaketi, akabaki mpaka ibada ikamalizika.