Mzazi, usifunge studio ya chumbani, linda masikio

Kuanzia Manzese na Tandale hadi Temeke, nyimbo nyingi za singeli na Bongo Fleva huanzia chumbani: kompyuta moja, kipaza sauti, godoro limeegemezwa ukutani. Wazazi huniuliza kama wawazuie vijana wao. Nasema msiwazuie. Kinachonitia hofu si muziki, ni hedifoni.

Usiku, ili asiwaamshe wapangaji, kijana huvaa hedifoni na kumiksi hadi alfajiri. Sikio likichoka husikia kidogo, naye huongeza sauti. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, ni saa 4 tu. Chembe za usikivu zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Masikio yakivuma baada ya kazi, au kijana akianza kuuliza "umesemaje?" kila mara, mpeleke hospitali apimwe usikivu. Msimtie mafuta sikioni.

Sauti isizidi asilimia 60, na apumzike kila baada ya saa moja. Wimbo ukikamilika, awape wanamuziki wenzake wausikilize mchana, kwa sauti ya chini. Masikio yaliyopumzika husikia kosa ambalo yaliyochoka yamelizoea. Kompyuta ikiharibika atanunua nyingine. Sikio halina duka.