Jikaze Si Dawa

Dada yangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya umma. Sindano ya mgongoni ilifanya kazi yake, hakuhisi kisu. Usiku, ganzi ilipoisha, alipewa vidonge viwili vya paracetamol na neno moja: "Jikaze." Alijikaza hadi alfajiri, huku mtoto akilia kando yake kwa kuwa mama hakuweza kugeuka kumnyonyesha.

Niliukumbuka usiku ule hivi karibuni, niliposikia msomi mmoja akisifu mtindo unaovuma Ulaya na Marekani: nusukaputi isiyotumia kabisa dawa za jamii ya afyuni, yaani mofini, fentanili na ndugu zake. Badala yake mgonjwa hupewa mchanganyiko wa dawa nyingine, kama ketamini na lidokaini, na huchomwa ganzi kwenye mishipa ya fahamu. Akahitimisha kwamba Afrika nayo iachane na mofini.

Ndugu msomaji, mimi si tabibu. Udaktari wangu ni wa vitabu. Lakini hoja hii si ya kitabibu peke yake. Ni hoja ya kisiasa, tena ya hatari.

Kwanza, tuulize wenzetu wanakimbia nini. Huko Marekani, kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza vidonge vya OxyContin mwaka 1996 huku ikipunguza kwa maneno hatari ya uraibu. Mwaka 2020 ilikiri makosa ya jinai mahakamani, baada ya maafa ambayo dunia nzima inayajua. Anayekimbia mafuriko ana haki ya kuchukia maji. Sisi tuna ukame. Mwaka 2017, tume iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet ilieleza kwamba kati ya takribani tani 298.5 za dawa hizi zilizosambazwa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa kipimo cha mofini, ni tani 0.1 tu iliyofika katika nchi za kipato cha chini, kundi ambalo Tanzania ilikuwamo wakati huo. Dada yangu alipona "bila afyuni" miaka mingi kabla ya mtindo huo kupewa jina. Hakuna aliyeuita maendeleo.

Pili, hata sayansi yenyewe haijatoa hukumu anayoidai msomi yule. Nchini Ufaransa, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha nusukaputi ya kawaida na ile isiyo na afyuni iliyotegemea dawa ya deksimedetomidini. Wagonjwa wa kundi la pili walitapika kidogo zaidi na walihitaji mofini kidogo baadaye. Hata hivyo, walikawia zaidi kutoka katika chumba cha uangalizi, na utafiti ukasitishwa kabla ya wakati kwa kuwa mapigo ya moyo ya baadhi yao yalishuka kwa kiwango cha kutisha. Hayo yalitokea penye mashine na wataalamu wa kutosha. Je, itakuwaje katika wodi ambayo muuguzi mmoja anahudumia wagonjwa thelathini?

Tatu, tunaambiwa mofini itazaa walevi. Hofu hiyo si ya kupuuzwa: heroini imewaumiza vijana wengi wa pwani yetu, na mofini ikizidi huzuia pumzi. Lakini tangu mwaka 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili inawapa waraibu wa heroini dozi ya methadoni chini ya uangalizi. Methadoni nayo ni ya jamii ya afyuni. Ikiwa dola inaweza kuisimamia dawa hiyo mkononi mwa mraibu, inashindwaje kuisimamia mofini kando ya kitanda cha mzazi? Majirani zetu Uganda walianza mapema: mwaka 2004 waliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuandika mofini ya maji.

Tatizo letu liko katika mizani ya adhabu. Chupa moja ya mofini ikipungua kabatini, muuguzi ataitwa kujieleza. Mgonjwa akilia usiku kucha, hataitwa mtu. Mfumo wa namna hiyo hufundisha watumishi wema kufunga kabati na kuhubiri ujasiri.

Maumivu hayo yana gharama. Aliyepasuliwa tumbo akiogopa kukohoa, makohozi hutuama na mapafu huugua. Akiogopa kutembea, damu huganda miguuni.

Sipingi ganzi ya mishipa ya fahamu, naidai. Naidai ketamini pia, na paracetamol itolewe kwa saa, isingoje kilio. Daktari mwenye vyote hivyo akiamua kuacha mofini kwa mgonjwa fulani, huo ni utaalamu. Asiyenavyo hana alichokiacha, amenyimwa.

Ninyi watumishi wa wizara na halmashauri, hesabuni maumivu kama mnavyohesabu chupa. Ninyi wanaharakati, ulizeni katika kila hospitali ya wilaya: leo usiku mofini ipo, na nani ana ufunguo? Nanyi wanafunzi wangu, kabla ya kuushangilia mtindo wa ng'ambo, ulizeni kwanza kama aliyeuanzisha alikuwa ameshiba.