TEKE HALIPIMI UPEPO

Ndugu Madereva na Mataniboi wa Timau,

Tairi ikipasuka, dereva hukatwa mshahara. Hiyo ndiyo desturi ya matajiri wengi huku, na juzi ilinifikia mimi. Tairi ya nyuma ilipasuka katika mteremko wa kutoka Subuiga kwenda Isiolo, pikapu imejaa viazi mpaka juu. Geji nilikuwa nimeiomba mara tatu. Nikajibiwa kwamba dereva mzoefu hupima upepo kwa teke!

Twauliza: teke hupima nini? Tairi yenye ratili 26 na yenye ratili 36 hulia sawasawa mbele ya kiatu.

Upepo wa gari umeandikwa katika kibati au karatasi kwenye fremu ya mlango wa dereva, mara nyingi namba mbili: ya gari jepesi na ya gari lenye mzigo. Namba iliyo ubavuni mwa tairi siyo ya kujaza, ni mpaka usiopitwa. Wengi tumedanganyika hapo, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Upepo ukipungua, ubavu hujikunja kila mzunguko na kushika moto mpaka tairi ipasuke. Usukani huwa mzito, gari huyumba kwenye kona, tairi huliwa kando. Ukizidi, gari huruka-ruka juu ya mawe, breki hushika vibaya, tairi huliwa katikati, na mgongo wa dereva ndio unaogeuka springi. Basi anza na namba ya kibati. Ukiona gari jepesi linayumba, ongeza ratili 1 au 2, ulisikilize tena. Lenye mzigo usilishushe chini ya namba yake hata kidogo.

Pima alfajiri, gari halijatembea. Baridi ya Timau si mchezo: joto likibadilika digrii 6 hivi, geji nayo hubadilika kama ratili 1. Ukifika Isiolo tairi imepata moto, geji itasoma juu. Usitoe upepo! Kesho kukipoa utabaki na tairi laini.

Sasa turudi kwa tajiri. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa na mfanyakazi kwa kusudi. Je, dereva aliyenyimwa geji ya shilingi chache ameharibu kwa kusudi? Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo, imemtwika mwajiri kazi ya kuweka mitambo katika hali ya usalama. Haikumtwika dereva na kiatu chake.

Twataka geji moja katika kila yadi, na daftari la upepo wa kila asubuhi. Dereva atie sahihi, tajiri naye atie. Siku ya kukatana ikifika, na tulifungue daftari hilo mbele ya mwakilishi wa chama.