Shahidi Mmoja Hatoshi

Iwe Kadutu, Ibanda au Bagira, mtu akionekana macho yamekuwa manjano, tumbo limejaa maji na nguvu zimemwisha, hawakosi watu wa kunong'ona: "Huyu amelishwa karuho." Mara jina la jirani hutajwa, urafiki wa miaka mingi huvunjika, na mgonjwa hupelekwa kutapishwa kwa mitishamba. Siku zinapita, na ini linazidi kuharibika.

Kumbe yako maradhi ambayo adui wake hatoki nyumba ya pili. Mungu ameujalia mwili kinga, mfano wa askari walinzi wa mji. Pengine askari hao hukosea, wakaligeukia ini lile lile walilopaswa kulilinda. Ugonjwa huo huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, wala watoto hawasalimiki.

Utatambulikanaje? Katika damu hutafutwa kingamwili, yaani silaha ambazo kinga hutengeneza. Nyingine huelekea viini vya seli za mwili wenyewe, nyingine misuli laini. Kwa watoto hutafutwa pia ile inayoelekea ini na figo. Mwaka 1965, huko London, Deborah Doniach, Sheila Sherlock na wenzao walieleza kingamwili ya mitokondria. Hiyo huonekana kwa wagonjwa 90 au zaidi katika kila 100 wenye ugonjwa unaoharibu vijifereji vya nyongo ndani ya ini.

Lakini angalieni: kingamwili ni shahidi, si hakimu. Ile ya viini vya seli huweza kuonekana kwa mtu mwenye afya njema, au aliyeugua malaria, au mwenye virusi vya homa ya ini. Tena wapo wagonjwa wa kweli ambao haionekani kwao. Kwa hiyo daktari hupima virusi vya homa ya ini B na C, huuliza habari za pombe, dawa na mitishamba, hupima hali ya ini katika damu, na inapowezekana hutoa kipande kidogo cha ini kwa sindano, kichunguzwe kwa hadubini.

Taabu hiyo si ya bure. Mwaka 1971 Sherlock na wenzake walionyesha kwamba prednisoloni hupunguza vifo vya watu ambao ini lao hushambuliwa na kinga yao wenyewe. Lakini dawa hiyo hiyo, akipewa mwenye virusi vya B bila uangalizi, huweza kuviamsha virusi na kumtia hatarini. Inayomwokoa mmoja yaweza kumwangamiza mwingine.

Nasi tujifunze. Torati ya Musa ilikataza kumhukumu mtu kwa neno la shahidi mmoja. Ikiwa daktari mwenye hadubini haridhiki na shahidi mmoja, sisi wenye minong'ono tu tutamwitaje jirani mwuaji? Amri ya nane yatukataza.

Basi, macho yakiwa manjano, mpelekeni mgonjwa hospitali mapema. Mwambieni daktari dawa zote alizokunywa, hata za mitishamba, bila kuona haya. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atufundisha kumwomba Mungu na pia kumpa tabibu nafasi yake. Fanyeni yote mawili, na jina jema la jirani mliache salama.