Msafiri Maskini Mjini Montréal

Wahenga walinena kwamba msafiri maskini ajapokuwa sultani. Nasi tulipokuwa chuoni, tumekaa juu ya mkeka na juzuu mikononi, tulifundishwa kwamba miongoni mwa mafungu manane ya watu wanaostahiki zaka yumo ibn sabil, yaani mwana wa njia, mtu aliyeishiwa akiwa safarini. Mafunzo hayo mawili yanakutana mahali pamoja: ugeni ni unyonge, na jamii hupimwa kwa jinsi inavyomtazama mgeni asiye na kitu.

Leo twapenda kulizungumza jambo hili kwa mfano wa mji wa mbali, nao ni Montréal, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Jina lake si geni masikioni mwa wazee wetu. Mwaka 1976 Michezo ya Olimpiki ilifanyika huko, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele miongoni mwa nchi za Afrika zilizoisusia, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini. Mwanariadha wetu Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, hakukimbia. Basi Montréal tuliijua kwa kutokwenda. Siku hizi wako wenzetu wanaokwenda, kwa masomo, kuwaona jamaa au kutembea tu, na mwandishi wa safu hii naye alifika huko mwaka 2024, mfuko wake ukiwa mwembamba.

Tusidanganyane: safari hiyo si rahisi. Gharama huanza kabla ya kupanda ndege. Mtanzania aombaye viza ya matembezi hulipa dola 100 za Kanada, na dola 85 nyingine za kuchukuliwa alama za vidole na picha, na ada ya maombi hairudishwi hata akinyimwa. Akishafika, atagundua kwamba bei iliyoandikwa dukani siyo atakayolipa. Juu yake huongezwa kodi mbili, asilimia 5 ya serikali kuu na asilimia 9.975 ya jimbo. Chumba cha hoteli kina ushuru wake wa asilimia 3.5 zaidi. Mkahawani, mhudumu naye hutarajia bakshishi isiyopungua asilimia 15. Hivyo sahani ya dola 20 huwa ya dola 26 kabla mlaji hajanawa mikono.

Hata hivyo, mgeni huyo huyo akitulia na kuwatazama wenyeji wanavyoishi, ataona kwamba mji umemwekea mlango mwingine. Kutoka uwanja wa ndege liko basi namba 747, liendalo mjini usiku na mchana. Mwaka huo wa 2024 nauli yake ilikuwa dola 11, ilhali teksi ilikaribia dola 50. Na tiketi ya basi hilo ilifaa kwa saa 24 katika mabasi yote ya kisiwani na katika treni ya chini ya ardhi. Naam, ya kisiwani, kwani Montréal imejengwa juu ya kisiwa katikati ya mto wa St. Lawrence. Treni hiyo ilifunguliwa mwaka 1966 na huenda kwa magurudumu ya mpira. Ndani yake mwenye tai na mfagia barabara huketi benchi moja, wakafika saa moja.

Hali kadhalika chakula. Sheria ya kodi imevitenga vyakula vya msingi, kama mkate, maziwa na matunda, kwa hiyo mwenye kununua sokoni na kujipikia huepukana na zile kodi mbili. Soko la Jean-Talon, lililofunguliwa mwaka 1933, huwakutanisha wakulima na wanunuzi mpaka leo. Muislamu mwenye kuchagua nyama hapati taabu, maana wahamiaji wa Algeria, Morocco na Tunisia wana mtaa wao wenye mabucha na mikate. Maji ya bomba hunywewa bila ya khofu. Ama malazi, vyuo vikuu kadhaa hukodisha vyumba vya wanafunzi wakati wa likizo ya majira ya joto.

Na lililo kubwa zaidi ni burudani ya bure. Katikati ya mji uko mlima uitwao Mount Royal, ambao mwaka 1876 ulifanywa bustani ya umma kwa ramani ya Frederick Law Olmsted, mmoja wa wasanifu wawili wa Central Park ya New York. Hapana lango wala tiketi. Jumapili za majira ya joto watu hukusanyika chini ya mlima huo, wakapiga ngoma mpaka jioni. Iko pia maktaba kuu, iliyofunguliwa mwaka 2005, ambamo mtu yeyote huingia, akaketi na kusoma.

Wasomaji watanabahi kwamba karibu vyote tulivyovitaja havikujengwa kwa ajili ya watalii. Vilijengwa kwa ajili ya mkaazi wa mji, na mgeni akapata fungu lake. Kinyume chake ni ule uwanja wa Olimpiki wa 1976, uliokusudiwa kuushangaza ulimwengu. Deni lake lililipwa kwa muda wa miaka thelathini, kwa sehemu kubwa kutokana na ushuru wa tumbaku, hata likamalizika mwaka 2006. Paa lake halikutulia, na mwaka 2024 serikali ya jimbo ilitangaza dola milioni 870 za kulijenga upya. Bustani ya mlimani inawahudumia wananchi kwa karne na nusu; uwanja wa fahari umewalipisha.

Wako viongozi wetu wasemao kwamba visiwa vyetu ni vidogo, maji yetu ni machache, na kwa hiyo tumtafute mtalii tajiri, tumwache mwenye begi la mgongoni. Hoja hiyo ina uzito, na hatuibezi. Lakini njia ya ufukweni ikifungwa ili mgeni maskini asipite, mtoto wa mvuvi naye amefungiwa. Mji usiokuwa na basi la kuaminika kwa mgeni haunalo kwa muuguzi wa zamu ya usiku.

Kwa hiyo twawaomba wahusika Serikalini wayatazame mambo machache yasiyohitaji mkopo mkubwa. Pawepo basi la heshima baina ya uwanja wa ndege na mji, nauli yake na saa zake zikiwa zimebandikwa. Njia za kwenda pwani zibaki wazi kwa wote. Maktaba na bustani za umma zitunzwe, kwani Forodhani imetuonyesha kwamba mahali pasipo na kiingilio mwenyeji na mgeni hula meza moja. Na kodi zetu, tofauti na za Montréal, ziandikwe ndani ya bei, ili mtu ajue mapema atakacholipa.

Siku moja mgeni mwenye mfuko mwembamba atashuka bandarini Malindi, kama sisi tulivyoshuka kwao. Tumtayarishie mji ambao mkaazi wake maskini kwanza ameridhika nao.