Mpunga ukigeuka njano Tindiga, usikimbilie yurea

Kila msimu wa mpunga, wakulima wa Tindiga wanaopiga simu studio hawakosi swali hili: mpunga umekuwa njano, niongeze mfuko wa yurea? Tangu ruzuku ya mbolea ianze msimu wa 2022/23, yurea imekuwa jibu la haraka, na mara nyingine ndilo sahihi. Lakini kama jarubani kumeingia kimyanga, hela hiyo imeliwa.

Kimyanga ni ugonjwa wa virusi, ulioonekana kwanza karibu na Kisumu, Kenya, mwaka 1966. Hauna dawa ya kuutibu, hata muuza pembejeo akuapie.

Tazama majani kabla ya kufungua pochi. Mpunga wenye njaa ya mbolea hupauka jani zima, ukianzia majani ya chini. Wa kimyanga huwa na michirizi ya njano na kijani iliyokatikakatika kwenye majani machanga, hudumaa, na suke likitoka huwa na mapepe mengi.

Mbegu haiambukizi. Wanaoambukiza ni mbawakawa wanaotafuna majani, na sisi wenyewe: mikono inayong'oa miche kitaluni, mundu, vibarua wanaotoka jaruba la mgonjwa kwenda la mzima. Ng'ombe anayelishwa kwenye machipukizi baada ya mavuno naye huhamisha virusi. Najua hapa Kilosa ukitaja ng'ombe shambani mazungumzo yanageuka mengine kabisa. Lakini machipukizi hayo ni ya nani? Mkulima akiyaacha yasimame hadi msimu ujao, ugonjwa unakuwa na makazi hata kama hakuna mfugo uliopita.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kabla ya kupandikiza. Lima machipukizi yafe. Weka kitalu mbali na mpunga wa zamani na nyasi za pori, kague kila baada ya siku chache, na mche wenye michirizi ung'olewe na kufukiwa. Nawa kwa sabuni, osha mundu, anza palizi kwenye jaruba zima. Supa tunayoipenda kwa harufu hushambuliwa sana. Waulize TARI Dakawa kuhusu mbegu inayostahimili.

Ugumu uko kwa jirani. Ukisafisha wewe na yeye akaacha, mbawakawa hawasomi mipaka. Ratiba ya pamoja ya kusafisha na kupanda inapaswa kupangwa na serikali ya kijiji na bwana shamba, kabla mvua hazijaanza.